Barua za mapendekezo za kuombea ubingwa wa radiolojia: nani akuandikie, na umpe nini

Swali: "Nilimaliza intani mwaka jana na sasa ni daktari katika kituo cha afya ngazi ya nne huku Teso, mashariki mwa Uganda. Nataka kuomba nafasi ya kusomea ubingwa wa radiolojia, Makerere au Mbarara, na wenzangu wananishawishi nijaribu Marekani pia. Kwa barua za mapendekezo ninao watu watatu: profesa mashuhuri aliyetufundisha darasani, bingwa wa upasuaji aliyenisimamia miezi mitatu nikiwa intani, na mtaalamu wa radiolojia niliyekaa naye wiki mbili tu. Profesa ameniambia niandike mwenyewe, yeye atasaini. Nifanyeje?"

Daktari, nianze na hao watatu, maana sehemu kubwa ya jibu lako imo humo. Bingwa wa upasuaji ndiye barua yako ya kwanza. Mtaalamu wa radiolojia ndiye wa pili, ila si leo. Kwanza akufahamu zaidi ya hizo wiki mbili. Profesa mwache apumzike. Nafasi ya tatu mpe mtu anayeiona kazi yako ya sasa. Kama hapo kituoni una mkubwa wako, ni yeye. Kama wewe mwenyewe ndiye mkuu wa kituo, jambo la kawaida kwa madaktari wa ngazi ya nne, nenda kwa ofisa wa afya wa wilaya, yaani DHO.

Kumwacha profesa kunauma, najua. Jina lake ni zito. Lakini jiulize ataandika nini. Alikuona ukiwa kichwa kimoja kati ya vichwa vingi darasani, kwa hiyo ataandika kwamba ulikuwa mwanafunzi mwenye bidii, nidhamu na heshima. Wanaochagua wameshaziona alama zako. Sentensi hiyo haiwaongezei kitu. Sasa ilinganishe na hii, ambayo bingwa wa upasuaji anaweza kuiandika kwa sababu alikuwapo: "Usiku aliletewa kijana mwenye tumbo gumu. Aliomba eksirei ya kifua mgonjwa akiwa amesimamishwa, akaiona hewa chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, upande wa kulia, kabla mtu mwingine hajaisoma picha, akanipigia simu. Tulipofungua tumbo tulikuta utumbo umetoboka." Msomaji ameshajua kwamba mwombaji anajua picha ipi ya kuomba, anajua kuiangalia, na anajua la kufanya baada ya kuiona. Hakuna sifa hata moja iliyotajwa, na zote zimeonekana.

Tatizo la radiolojia ni kwamba intani ya Uganda haikupeleki huko. Miezi yake 12 inagawanywa kati ya tiba ya ndani, upasuaji, watoto, na akina mama na uzazi. Intani hukutana na idara ya picha akiwa dirishani anafuatilia ripoti ya mgonjwa wake. Ndiyo maana waombaji wengi huleta barua tatu nzuri ambazo hata moja haisemi lolote kuhusu picha. Anayezisoma hubaki akijiuliza: huyu anaijua kazi anayoiomba, au anazikimbia wodi na zamu za usiku? Dhana hiyo ipo, na si Uganda tu. Barua ya mtaalamu wa radiolojia kazi yake kubwa ni kuivunja.

Kwa hiyo, kabla ya kumwomba barua, mwombe nafasi ya kukaa naye. Siku moja kwa wiki, kwa wiki 8, inatosha. Ukishindwa, tumia likizo yako ya mwaka kwa mkupuo mmoja, kisha uongeze siku chache baadaye ili akuone tena baada ya muda kupita. Chukua barua ya DHO ya kukutambulisha kwa mkurugenzi wa hospitali ya rufaa, nakala kwa mkuu wa idara ya picha, ili usionekane mtu aliyeingia tu kutoka barabarani. Ukiwa humo usishike mashine usiyoruhusiwa, na ukiingia chumba cha eksirei kazi ikiendelea, vaa aproni yenye madini ya risasi, ya kukinga mionzi, bila kungoja kuambiwa. Wasalimu radiografa na wasikilize. Mtaalamu akitaka kujua wewe ni mtu wa namna gani, wao ndio atakaowauliza.

Beba daftari. Ningeambiwa nibakize ushauri mmoja tu katika jibu hili lote, ningeubakiza huu. Chora safu sita: tarehe, aina ya picha, swali la kitabibu lililoulizwa, usomaji wako, usomaji wa mtaalamu, na mgonjwa aliishiaje, kama imejulikana. Picha 6 au 7 kwa siku, kwa wiki 8, zinakupa kama 50. Usiandike jina la mgonjwa wala namba yake ya hospitali. Sheria ya Uganda ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2019 inakuhusu hata kama daftari ni lako.

Sharti lake ni moja: safu ya nne ijazwe kwa kalamu ya wino kabla hujasikia neno la mtaalamu, na ukikosea usifute. Wengi hulijaza baadaye, likapendeza, likawa halina faida. Daftari lenye makosa linaonyesha unavyopanda. Mtaalamu akilifungua mwishoni anaona kwamba wiki ya kwanza ulikosa picha nne kati ya saba, na wiki ya nane ulikosa moja, tena ngumu. Hapo amepata cha kuandika ambacho hangekikumbuka mwenyewe, kwa sababu tangu ufike amesoma mamia ya picha nyingine.

Kuna mambo ambayo wataalamu wa fani hii huyatazama na huyaandika wakiyaona. La kwanza utalicheka: jinsi unavyojaza fomu ya kuomba picha. Daktari anayeandika "maumivu ya tumbo" na kusaini, na yule anayeandika "mwanamke miaka 24, hajaona siku zake wiki 7, maumivu upande wa kulia, kipimo cha mimba chanya, je, mimba imetunga nje ya kizazi?", wanatofautishwa kabla hawajaonana na mtu. Hapo Teso fomu zako zinafika hospitali ya rufaa hata sasa. Huenda mtaalamu ameshazisoma. La pili ni kujua mwisho wa uwezo wa picha. Anayesema "hapa siwezi kuamua, tulinganishe na picha ya zamani au tuongeze altrasaundi" anaaminiwa kuliko anayekisia kwa sauti kubwa. La tatu ni simu: ukiona jambo la hatari hungoji ripoti ichapwe. La nne ni uangalifu na mionzi, kwa mfano kupendekeza altrasaundi kwa mtoto au mjamzito pale ambapo inaweza kujibu swali, badala ya kukimbilia siti skani. Sina maana uyaigize. Yafanye kazini kila siku, yataonekana.

Usidharau unachokifanya sasa. Kama kituo chako kina altrasaundi na majeruhi wa bodaboda wanakupitia, kutafuta damu sehemu nne, yaani pembeni mwa ini, pembeni mwa wengu, kwenye nyonga na kuzunguka moyo, kisha kuamua nani apelekwe rufaa kwanza, ni kazi ya picha kabisa. DHO anayeandika kwamba unatoa rufaa kwa sababu zinazoeleweka, na kwamba hospitali inayowapokea hailalamiki, ameandika jambo ambalo mtu wa Mulago, hospitali kuu ya rufaa ya taifa, asingeweza kuliandika.

Sasa hilo la "andika mwenyewe, nitasaini". Ni desturi iliyoenea, na mara nyingi wakubwa hawana nia mbaya, hawana muda. Lakini ina mitego. Ukijiandikia barua tatu, zitafanana: mpangilio ule ule, neno lile lile unalolipenda, hata kosa lile lile la alama ya mkato. Wanaozisoma huziweka mezani pamoja. Pia utajisifu kwa maneno ya jumla, kwa kuwa mtu hawezi kujiona kwa macho ya mwenzake. Kubwa zaidi, wataalamu wa radiolojia Uganda ni wachache na wanafahamiana. Mmoja akipigiwa simu na kuulizwa, "Umeandika hapa kwamba huyu alifanya hivi, nieleze," na akababaika, umekwisha. Kumghushia mtu saini au kuazima muhuri sitakujadili. Hilo linaishia mbele ya baraza la madaktari.

Mkubwa akikuambia hivyo, usibishane. Mjibu: "Sawa, Daktari, nitakuandalia maelezo ili kazi iwe nyepesi." Kisha mpelekee maelezo, si barua. Andika hoja fupi sita au saba za mambo aliyoyashuhudia, kila moja na tarehe au mahali pa kuikumbukia, na mahali pa hukumu uache wazi: unalinganishwaje na maintani wengine aliowasimamia, angekupokea katika idara yake au la, una udhaifu gani. Hayo ni yake peke yake. Wengi wakishaona hoja mezani huandika wenyewe kwa dakika 20. Asiyeweza hata hizo dakika 20 amekupa jibu kuhusu uzito wa barua yake.

Kuomba kwenyewe, nenda ana kwa ana au piga simu kwanza. Ujumbe wa WhatsApp ufuate baadaye kama kumbukumbu. Uliza kwa namna inayomwachia mlango wa kukataa bila aibu. Kwa mfano:

"Habari za kazi, Daktari. Naomba nafasi ya ubingwa wa radiolojia mwaka huu. Nilifanya kazi chini yako miezi mitatu ya upasuaji. Je, unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua ya kuniunga mkono kwa nguvu? Kama muda hauruhusu au unaona kuna mtu anayefaa zaidi, nitaelewa kabisa. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe fulani; ningeshukuru ikiwa tayari siku 10 kabla."

Akisitasita, akasema "tutaona", mshukuru na utafute mwingine. Barua vuguvugu ni mbaya kuliko kukosa barua, kwa sababu wasomaji wamezoea kuitafsiri: "alitimiza majukumu yake" maana yake hakuna zaidi ya hapo.

Akikubali, mpe bahasha moja au faili moja la PDF, si vipande vitano vya WhatsApp. Ndani yake kuwe na wasifu wako wa kurasa mbili, ile karatasi moja ya hoja, nakala ya hati ya matokeo, maelezo yako binafsi ya kwa nini radiolojia, na jina kamili la programu kama lilivyo kwenye tangazo la chuo. Weka pia maelekezo ya kutuma: kwa mtandao, kwa barua pepe, au kwa bahasha iliyofungwa na kusainiwa juu ya gundi. Tangazo la mwaka huohuo ndilo linalosema idadi ya wadhamini (wa kitaaluma, si wa karo, watu huchanganya) na namna ya kutuma. Hata wakitaka wawili, andaa watatu.

Anza wiki 8 kabla ya siku ya mwisho, zisipungue 6. Kumbusha zikibaki wiki tatu, kisha siku 10, kisha siku tatu, kila mara kwa sentensi mbili za heshima. Na umfahamu karani wa idara. Yeye ndiye anayetunza karatasi zenye nembo na muhuri, na barua iliyokwisha kuandikwa inaweza kulala mezani wiki mbili ikingoja muhuri tu. Fedha kwa ajili ya barua usitoe, hata kwa jina la soda. Karatasi, wino na nauli ya kuifuata, gharamia bila kuambiwa.

Barua huharibika kwa mambo madogo, na jina ndilo linaloongoza. Vyeti vyetu vya sekondari huanza na jina la ukoo, pasipoti inayatenganisha, na mdhamini anakufahamu kwa jina la ubatizo au la ndoa. Ukimwachia aandike alijualo, barua inaweza isilingane na faili lako. Mwandikie juu ya ile karatasi: "Jina langu liandikwe hivi." Mara nyingine mdhamini huiamsha barua ya mwaka uliopita aliyomwandikia mwombaji wa fani nyingine, na katikati ya ukurasa linabaki neno "upasuaji" pale palipopaswa kuwa "radiolojia". Huwezi kuikagua barua ya siri, lakini unaweza kumkumbusha kwa upole. Barua isiyo na tarehe, isiyo na cheo cha mwandishi wala namba yake ya simu, huonekana imeokotwa. Wanapotumia mfumo wa mtandao, kiungo cha kuweka barua huenda kwenye barua pepe ya mdhamini na mara nyingi huangukia kwenye taka. Mwambie siku uliyokituma, mwombe atazame huko. Hakiki anwani yake herufi kwa herufi kabla hujaijaza. Kama ana anwani ya hospitali au chuo, tumia hiyo badala ya Gmail. Kama hana, nembo, muhuri na simu vinabeba uzito huo.

Kuna karatasi tatu ambazo si barua za mapendekezo ingawa watu huzipeleka zikiwa badala yake. Cheti cha hadhi njema kutoka baraza la madaktari kinasema tu kwamba umesajiliwa na huna kesi. Barua ya mwajiri kwamba umeajiriwa inasema umeajiriwa. Na ruhusa ya masomo, ambayo kwa mtumishi wa wilaya hupitia kwa ofisa mkuu wa utawala wa wilaya, CAO, ni habari ya mshahara na nafasi yako, si ya uwezo wako. Zote tatu huenda ukazihitaji, na hiyo ya CAO ianze mapema kuliko zote.

Ukiitwa kwenye usaili, wapigie wadhamini siku hiyohiyo. Wanaweza kupigiwa simu, na mdhamini aliyekumbushwa jana huzungumza vizuri kuliko aliyeshtukizwa akiwa chumba cha upasuaji. Matokeo yakitoka, yawe mazuri au mabaya, waambie kabla hawajasikia kwingine. Huenda ukawarudia mwakani.

Marekani ni mchezo mwingine, ingawa barua ni zilezile za watu waliokuona kazini. Maombi hupitia mfumo uitwao ERAS. Wewe hugusi barua: unamwingiza mwandishi kwenye mfumo, unampa karatasi ya ombi yenye namba ya barua, naye anaipakia mwenyewe, ikiwa na nembo na saini. Utaulizwa kama unaacha haki yako ya kuisoma. Iache, barua ambayo mwombaji ana haki ya kuichungulia haiaminiwi sana. Tathmini ya mwanafunzi inayotoka chuo chako cha udaktari ni hati nyingine, haihesabiwi kati ya barua hizo, na kwa sababu inapitia ofisi ya mkuu wa kitivo, anza kuifuatilia miezi kadhaa kabla. Maombi hutumwa Septemba.

Jambo linalowakwaza wengi ni muundo wa mafunzo yenyewe. Radiolojia ya uchunguzi kule ni miaka mitano: mwaka mmoja wa kazi ya wodini, kisha minne ya picha. Mara nyingi mwaka huo wa kwanza unaombwa peke yake, kwenye programu za tiba ya ndani, upasuaji au za mchanganyiko, na wanaokusoma huko hawajali sana daftari lako la picha. Kila programu inapokea barua zisizozidi 4, lakini si lazima ziwe zilezile kila mahali. Kwa programu za radiolojia panga mtaalamu wa radiolojia juu, na bingwa wa upasuaji amfuate. Kwa zile za mwaka wa wodini weka bingwa wa upasuaji na mmoja wa tiba ya ndani mbele. Maana yake utahitaji mdhamini wa tiba ya ndani ambaye kwenye orodha yako hayupo. Mtafute kati ya waliokusimamia intani. Programu nyingi pia hutaka kumsikia mtu aliyekuona ukifanya kazi Marekani kwenyewe, na hilo lina gharama ya safari na viza. Lipime kabla hujalipia mitihani ya huko.

Na barua ikishafika kwa programu ndani ya ERAS, huwezi kuiondoa wala kuibadilisha. Unachoweza ni kujaza nafasi iliyobaki wazi. Kwa hiyo kama Septemba imefika na ya mtaalamu wa radiolojia bado iko njiani, tuma maombi na barua tatu, uache ya nne wazi imngoje. Usiizibe kwa barua ya profesa.